Kilwa, Songea au Karagwe: mwanahistoria kijana atie nanga wapi?

Wilaya ya Kilwa ina historia mbili zisizosomeka kwa jicho moja. Kutoka Kilwa Masoko unavuka maji kwa mashua, safari fupi tu, unashuka Kilwa Kisiwani: Msikiti Mkuu, Husuni Kubwa, makaburi ya masultani, vipande vya kauri za China vilivyolala mchangani. Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika hapa, na simulizi ya safari yake imebaki kwa Kiarabu mpaka leo. Rudi bara, acha lami, panda Vilima vya Matumbi hadi Nandete. Huko hukuti kasri wala kuba. Unakuta mashamba, na watu wanaokuonyesha mahali ambapo, mwishoni mwa Julai 1905, wazee wao waling'oa miche ya pamba ya Wajerumani na vita vya Maji Maji vikaanza.

Sehemu hizo mbili zimo katika wilaya moja. Kwa mtu anayetaka kuwa mwanahistoria wa chuo kikuu, ni maisha mawili tofauti kabisa: lugha tofauti, nyaraka tofauti, wenyeji tofauti, hata miezi ya kusafiri tofauti.

Nimefundisha historia kwa miaka kumi na tisa. Wanafunzi wenye alama za kuwabakiza chuoni huniuliza swali moja kuliko yote: "Mwalimu, nichukue eneo gani?" Nitajibu kwa kulinganisha maeneo matatu: Pwani, Kusini ya Maji Maji, na Kagera. Sitayapa nafasi sawa. Kusini nimekaa sana, Pwani nimesimamia tasnifu za wengine, Kagera nimekwenda mara chache na ninaitegemea zaidi kazi ya wenzangu.

Kabla ya kuchagua, jua unachokifunga. Ngazi inajulikana: shahada ya kwanza yenye wastani wa 3.8 kati ya 5, uzamili wenye 4.0, kisha unaanza kama mkufunzi msaidizi au mhadhiri msaidizi, unatafuta uzamivu, unakuwa mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Ngazi hiyo ni ile ile kwa aliyesomea Lamu na aliyesomea Liwale. Kinachobadilika ni kinachokupandisha. Makala zako za mwanzo zitatoka ndani ya tasnifu, kozi utakayopewa kufundisha itafuata makala, na wanafunzi utakaowasimamia watafuata kozi. Miaka kumi baadaye watu hawatasema "yule wa historia", watasema "yule wa Pwani". Kulihama eneo ukiwa na miaka arobaini na mitano kunawezekana, lakini maana yake ni kuanza lugha upya, na nimeona wachache sana walioweza.

Kwa hiyo mimi hupima eneo kwa maswali mawili. Je, uko tayari kujifunza lugha za vyanzo vyake? Na je, kuna watu watakaokukaribisha barazani mara ya tatu na ya nne, baada ya udadisi wa mara ya kwanza kwisha?

Pwani: maandishi mengi, watu wengi

Pwani inakupa karatasi kuliko eneo lolote la Afrika Mashariki. Historia ya kale ya Kilwa peke yake imetufikia kwa njia mbili: nakala ya Kiarabu iliyonakiliwa Zanzibar mwaka 1877, ambayo sasa iko London, na muhtasari wa Kireno ndani ya kazi ya João de Barros iliyochapwa 1552. Hizo mbili hazikubaliani kuhusu orodha ya masultani. Ukizisoma kwa tafsiri ya Kiingereza tu, unasoma maamuzi ya mfasiri, na ukosoaji wako utaishia pale alipoishia yeye.

Kisha kuna Nyaraka za Taifa za Zanzibar pale Kilimani, zenye barua za mabalozi wadogo, hati za mashamba na majumba, na maandishi ya Kiarabu. Kuna Fort Jesus kule Mombasa, kuna Muscat, kuna Lisbon, na kuna Goa, kwa sababu Wareno waliitawala pwani hii wakiwa Goa. Kuna tenzi na barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, nyingine zikiwa bado sandukuni majumbani mwa watu.

Mwanafunzi aliyepita madrasa anadhani ameshashinda nusu ya vita. Ana mwanzo mzuri kweli: anasoma herufi, hatishwi na ukurasa. Lakini Kiarabu cha hati ya wakfu au cha kesi ya mirathi kina istilahi zake, na Kiswahili cha Kiamu cha karne ya 18 hakifanani na cha redioni. Hesabu miaka miwili ya lugha kabla hujaandika sentensi unayoweza kuitetea mbele ya watahini. Asiye na Kiarabu wala Kireno, na asiye tayari kujifunza hata kimoja, namwambia wazi kwamba Pwani ya kabla ya 1850 si yake. Achukue karne ya 20.

Jambo la pili ni msongamano. Wachimbaji na wanahistoria kutoka nje wamekuwa Kilwa tangu mwanaakiolojia Neville Chittick alipoanza kuchimba pale zaidi ya miaka sitini iliyopita, na hawajaacha. Wana maabara. Machi 2023 ulitoka uchunguzi wa vinasaba vya watu themanini waliozikwa katika miji ya pwani zama za kati, ukionyesha kwamba upande wa kina mama ulikuwa wa Kiafrika kwa sehemu kubwa sana na upande wa kina baba ulichanganyika na Waajemi tangu karibu mwaka 1000. Mjadala wa Ushirazi, yaani kama koo za pwani zilitoka kweli Uajemi, ambao wengi walidhani umekwisha, ukafufuka kwa wiki moja. Mwanahistoria wa Pwani lazima aweze kuusoma uchunguzi kama huo na kusema kitu chenye uzito. Na akumbuke kwamba neno "Mshirazi" si la makaburini tu. Kule Visiwani ni neno la watu walio hai, lenye kumbukumbu ya Mapinduzi ya 1964 ndani yake, na nasaba utakayoichapa itasomwa na wajukuu.

Faida yake ni kwamba Pwani ina milango mingi nje ya darasa. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, Mji Mkongwe mwaka 2000, Lamu 2001. Magofu na majengo hayo yanahitaji watu wanaojua historia yake, na kazi hiyo si ya mapambo: Beit al-Ajaib, jumba la Mji Mkongwe, iliporomoka upande mmoja Desemba 25, 2020, na watu walipoteza maisha. Profesa Abdul Sheriff, mzaliwa wa Zanzibar, alifundisha Dar es Salaam kwa miaka mingi kisha akarudi kwao kusimamia makumbusho. Njia kama yake ni rahisi kuipata Pwani kuliko kwingine.

Ukiniuliza pengo liko wapi, ningekupeleka Mafia, delta ya Rufiji, na ukanda wa Mtwara hadi ng'ambo ya Ruvuma. Zanzibar na Lamu zimeandikwa sana. Wavuvi na wakata mikoko wa Rufiji bado wanasubiri.

Kusini: jeraha ambalo bado linaulizwa

Nikiri mapema kwamba hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Karatasi za Kusini ni za Kijerumani. Sehemu iko Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, sehemu Berlin, na majalada mengi ya Ofisi ya Makoloni yaliyoko Berlin sasa yanasomeka mtandaoni bila nauli. Hilo limebadilisha maisha ya mwanafunzi wa Kitanzania: nilipoanza, ilibidi upate ufadhili kwanza ndipo uone jalada. Kuna pia maandishi ya wamisionari wa Kibenediktini waliofungua Peramiho mwaka 1898. Kikwazo kimebaki mwandiko. Mjerumani wa 1905 aliandika kwa hati ya Kurrent, ambayo hata Wajerumani wa leo wengi hawaisomi. Mwezi wa kwanza utadhani ni mistari ya mvua. Wa tatu utaanza kuona majina ya vijiji. Ni kazi ya mkono na macho, haihitaji kipaji, inahitaji kukaa.

Lakini karatasi za Kusini zina upofu wake, na hapo ndipo historia ya eneo inapoonyesha kazi yake. Afisa wa Kijerumani aliandika kuhusu uchawi na mganga. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro Agosti 4, 1905, siku chache tu baada ya mapigano kuanza, na kwa afisa yule mambo yalikuwa yameeleweka. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alipotembea Umatumbi miaka ya 1960, wazee walioona vita walikuwa bado hai, nao wakampa neno: njwiywila. Ni habari ya siri, ya kunong'onezana, iliyopita mtu kwa mtu na ukoo kwa ukoo miezi kadhaa kabla ya risasi ya kwanza. Neno moja la Kimatumbi, na vita vilivyoitwa wazimu wa washenzi vikaonekana vilivyo: mpango wa watu waliochoka na pamba ya kulazimishwa, viboko na kodi. Hakuna jalada la Berlin ambalo lingekupa neno hilo.

Wazee wale hawapo tena. Wanafunzi wa Dar es Salaam waliotumwa kukusanya masimulizi mwaka 1968 walifanya kazi ambayo haiwezi kurudiwa, na mtu anayekwenda leo akidhani ataipata Maji Maji mdomoni mwa mashahidi amechelewa nusu karne. Kinachobaki ni kikubwa lakini ni kingine: vita baada ya vita. Njaa iliyofuata ndiyo iliyoua wengi kuliko bunduki. Makadirio ya Wajerumani yalikuwa watu 75,000. Gwassa alifika 250,000 hadi 300,000. Ardhi iliyobaki tupu ikaingiwa na pori na tembo, na sehemu yake ikawa hifadhi ya Selous. Wanawake walilima nini miaka ile? Nani alimlea mtoto wa nani? Na Operesheni Vijiji ilipohamisha watu katika miaka ya 1970, makaburi yaliachwa kwenye mahame. Ukitembea na mzee hadi kwenye mahame ya ukoo wake, akakuonyesha mwembe na kusema "hapa alilala babu", unapata chanzo ambacho hakimo kwenye maktaba yoyote.

Na watu wanauliza. Kila Februari 27 Songea huwakumbuka mashujaa 67 walionyongwa siku hiyo mwaka 1906. Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alisimama hapo hapo Songea na kuomba msamaha. Ukoo wa Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa mwaka huo wa 1906, umekuwa ukiuliza kwa miaka mingi fuvu la mzee wao liko wapi. Mwanahistoria wa Kusini hawezi kuandika kwa ajili ya watahini peke yao. Ataitwa kwenye mkutano, ataulizwa na mjukuu mwenye machozi, na "ushahidi hautoshi" ni jibu analopaswa kujua kulitoa kwa heshima.

Kosa langu mwenyewe lilinifundisha mengi. Miaka ya mwanzo nilikaa siku mbili na mzee mmoja Ungoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu, kaa."

Alisimulia vizuri mno: nani alikimbilia wapi, ghala lipi lilichomwa. Niliandika kama simulizi ya upande wa wapiganaji. Nilirudi mwaka uliofuata, na jirani yake akaniambia taratibu kwamba babu wa mzee yule alikuwa ruga-ruga, mpiganaji wa kukodiwa, alitembea na Wajerumani. Simulizi halikuwa la uongo. Lilikuwa linaonekana kutoka upande wa pili wa moto, na mimi sikuuliza. Ilinibidi niiandike upya sura nzima. Tangu hapo siulizi tu "nini kilitokea", nauliza nyumba ya mzee ilikuwa wapi na ng'ombe walikwenda wapi. Majibu hayo humweka babu mahali pake bila kumwaibisha mtu.

Kwa matumizi ya siku hadi siku: usiende wakati wa masika, barabara za vilimani zinakufungia njiani. Juni hadi Septemba ni wakati mzuri. Msimu wa korosho ukianza, kina baba na kina mama wako mashambani na kwenye maghala, nawe utakuwa unawapotezea riziki. Barua ya chuo hupita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wa Wilaya, kisha mtendaji wa kata, kisha kijiji. Usiruke hata ofisi moja, hata kama mjomba wako ni diwani. Zanzibar ina utaratibu wake wa kibali, usifikiri barua ya bara inatosha.

Kagera: falme na mashamba

Karagwe, Kiziba, Ihangiro na wenzao wanakupa kitu ambacho Kusini haina: orodha za wafalme zinazorudi nyuma vizazi vingi, na wenyeji walioanza kuandika wenyewe mapema. Francis Xavier Lwamgira alichapa historia ya Kiziba kwa Kihaya mwaka 1949. Ng'ambo ya mpaka, Apolo Kagwa aliandika ya wafalme wa Buganda kwa Kiganda mwaka 1901. Wasafiri Waingereza Speke na Grant walikaribishwa na Rumanyika, mfalme wa Karagwe, mwaka 1861 na kuandika waliyoyaona. Chini ya ardhi, kama pale Katuruka, kuna ushahidi wa uyeyushaji chuma wa zamani sana.

Lugha ni Kihaya, au Kinyambo ukiwa Karagwe, na Kifaransa kwa maandishi ya Mapadri Weupe, wamisionari Wakatoliki. Tena historia haiheshimu mpaka: utahitaji vibali Uganda, na pengine Rwanda na Burundi. Anayependa kulinganisha falme hana mahali pazuri zaidi.

Tahadhari yangu ni moja. Nasaba ya kifalme ni hati ya ardhi iliyovaa joho. Chini ya nyarubanja, mfumo wa umwinyi wa ardhi, shamba la migomba lilikuwa na bwana wake na mpangaji wake, na ingawa mfumo huo ulifutwa baada ya uhuru, watu wanajua la nani lilikuwa la nani. Anayekuhesabia vizazi kumi na viwili huenda anakuhesabia mipaka. Na masimulizi ya ikulu humeza watu wa kawaida. Ukiondoka na wafalme tu, umeondoka na nusu.

Kwenu au ugenini

Swali hili linakata katikati ya maeneo yote matatu. Isaria Kimambo alizaliwa Upare na akaandika historia ya Wapare, iliyotoka 1969. Bethwell Ogot aliandika ya Wajaluo, Godfrey Muriuki ya Wakikuyu, kila mmoja kwao. Kizazi kile kilikuwa na sababu: hakuna mwingine aliyekuwa ameiandika vilivyo, na lugha ya mama ilikuwa ufunguo ambao wageni hawakuwa nao. Upande wa pili kuna Walter Rodney, mtu wa Guyana, ambaye kabla ya kujulikana Dar es Salaam alipata uzamivu wake mwaka 1966 kwa historia ya pwani ya Guinea ya Juu, akisoma nyaraka za Kireno.

Mimi ni Mpare niliyekwenda Kusini, na nimeona pande zote mbili kwa wanafunzi wangu. Kwenu unapata lugha bure na chakula bure. Lakini wewe ni mtoto wa fulani, na mambo mengine mtoto haambiwi. Shangazi ataisoma sura yako ya tatu na kuuliza kwa nini ukoo wa kina fulani umetangulia. Ugenini unaanza na mikono mitupu, unachekwa matamshi, unalipa mkalimani, ila baada ya miaka mitatu watu hukuambia wasiyomwambia jirani, kwa kuwa huna shamba pale wala mchumba. Kwa mtu mwenye haraka ya kumaliza tasnifu, kwao ni bora. Kwa mwenye kutaka kuuliza maswali ya ardhi na ya utumwa, naona ugenini kunampa nafasi zaidi.

Na andika kwa Kiswahili pia, mapema. Kupanda cheo kutakudai makala za Kiingereza, hilo halikwepeki. Lakini sekondari sasa zinafundisha Historia ya Tanzania na Maadili kwa Kiswahili, na walimu wanatafuta habari za kwao wenyewe, za Liwale na Muleba, zilizoandikwa na mtu aliyefika.

Nani aende wapi, basi? Mwenye Kiarabu na subira ya hati, na asiyeogopa ubishi wa hadharani, aende Pwani. Mwenye Kihaya nyumbani na hamu ya kuvuka mipaka, Kagera. Wengine wote wanaoniuliza bila upendeleo, nawasukuma Kusini, kwa sababu jalada linapatikana, lugha inafundishika, na maswali yanatoka kwa watu wenyewe.

Mwezi uliopita alikuja binti wa Kilwa Kivinje. Amepita madrasa, anasoma herufi za Kiarabu bila kukwama, na bibi yake mzaa mama ni Mmatumbi. Alikuwa hajui achukue kisiwa au vilima. Nilimwambia aache vyote viwili na achukue akida: yule mtu wa pwani aliyepandishwa vilimani na Wajerumani kusimamia pamba na kodi, aliyejua kuandika barua kwa Kiswahili, aliyetajwa kwenye ripoti za Kijerumani, na ambaye jina lake Umatumbi bado linatamkwa kwa sauti ya chini. Wiki hii yuko Dar es Salaam, ameomba majalada ya Kilwa ya kabla ya 1905. Jioni anampigia bibi yake simu, na bibi anamsahihisha Kimatumbi neno kwa neno.